Maumivu Yanaposemwa na Simu: Kiswahili katika Tiba ya Kidijitali kwa Vijana Waliomaliza Matibabu ya Saratani, kwa Kuangalia Luzira, Kampala

Ikisiri

Kijana aliyemaliza matibabu ya saratani anaweza kubaki na maumivu kwa miaka mingi baada ya uvimbe wenyewe kutoweka. Katika nchi kadhaa tiba ya kisaikolojia kwa maumivu ya aina hiyo imeanza kutolewa kupitia programu za simu. Makala haya yanaeleza jinsi tiba hiyo inavyofanya kazi na kuonyesha kwamba, kwa kuwa dawa yake ni maneno, kuitafsiri ni sawa na kuitengeneza upya. Mifano imetolewa katika Kiswahili sanifu na katika Kiswahili kinachosemwa Luzira, Kampala. Makala yanapendekeza kwamba kazi ya istilahi na ya sauti itangulie ununuzi wa programu yoyote.

Utangulizi

Uganda ina historia ndefu katika matibabu ya saratani za utotoni. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Mulago, alieleza uvimbe wa taya wa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 kikaanzishwa hapohapo kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na kazi iliyofanyika humo ilisaidia kuthibitisha kwamba limfoma ya Burkitt inaweza kuponywa kwa dawa. Upande wa maumivu, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza matumizi ya mofini ya maji, iliyo rahisi kutengeneza na rahisi kumeza. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuwaandikia wagonjwa mofini. Haya ni mafanikio ambayo nchi tajiri kuliko Uganda bado hazijayafikia.

Hata hivyo, mofini ile ilikusudiwa zaidi kwa mtu ambaye ugonjwa bado umo mwilini. Kijana wa miaka 17 aliyemaliza matibabu, ambaye nyayo zake zinawaka moto usiku kwa sababu dawa ya vinkristini iliathiri neva zake, yuko katika hali nyingine. Vivyo hivyo msichana aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani ya mfupa, au mvulana ambaye kovu la upasuaji linamvuta kila anapoinua mkono. Hawa hawafi. Wanakwenda shule, wanatafuta kazi, wanataka kuoa na kuolewa. Kuwapa mofini kwa miaka 40 si njia ambayo daktari makini angeichagua. Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, katika toleo lake la 11 lililoanza kutumika mwaka 2022, imeyapa maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3 nafasi yake yenyewe, na ndani yake imetenga maumivu yanayotokana na saratani au matibabu yake. Kwa hiyo hali hii sasa ina jina la kitabibu. Swali la makala haya ni jina lake katika kinywa cha mgonjwa, na kinachotokea pale jina hilo linapotamkwa na mashine.

Tiba ya simu hufanya nini

Msingi wa programu nyingi za aina hii ni tiba ya utambuzi na tabia. Mgonjwa hufundishwa kwamba maumivu ya muda mrefu hayalingani tena na jeraha: neva na ubongo vimezoea kutoa taarifa ya hatari hata pale hatari ilipokwisha. Kisha hufundishwa kupumua taratibu, kulegeza misuli, kupanga usingizi, na kugawa shughuli ili asifanye kazi siku moja kwa nguvu zote na kulala siku tatu. Hufundishwa pia kuzitambua fikra zinazoyakuza maumivu, kwa mfano ile ya kwamba kila mchomo ni saratani inayorudi. Hofu hii ya mwisho ndiyo inayowatofautisha vijana hawa na wenzao wenye maumivu ya mgongo au ya kichwa. Kwao maumivu yaliwahi kuwa habari ya kweli, na yeyote anayewaambia wasiyaamini ana kazi ngumu.

Mifano miwili inatosha. Wa kwanza ni WebMAP, iliyotengenezwa Seattle, Marekani, na timu ya Tonya Palermo kwa ajili ya vijana wenye maumivu ya muda mrefu pamoja na wazazi wao. Masomo yake yamepangwa kama safari, na kila somo ni kituo kipya. Wa pili ni Pain Squad ya Hospitali ya Watoto Wagonjwa ya Toronto, Kanada, iliyoongozwa na Jennifer Stinson. Hii ilianza kama shajara ya maumivu kwa watoto na vijana wenye saratani. Mtoto huandikishwa katika kikosi maalumu cha polisi kinachoyasaka maumivu. Akijaza shajara bila kuruka hupandishwa cheo, na waigizaji wa tamthilia za polisi za Kanada humpongeza kwa video. Toleo lililofuata liliongeza ushauri wa namna ya kujisaidia. Ushahidi kuhusu tiba za kisaikolojia zinazotolewa kwa mbali kwa vijana wenye maumivu unaonyesha nafuu ya kiasi, wala si katika kila kipimo. Kwa waliomaliza matibabu ya saratani ushahidi huo bado ni mchanga. Hiyo si sababu ya kungoja. Ni sababu ya kutonunua kwa pupa.

Kwa nini Luzira

Luzira hujulikana kwa gereza lake kuu na kwa bandari ya Port Bell, ambako meli za mizigo huondoka kuelekea Mwanza na Kisumu. Mtafiti wa lugha huijua kwa sababu nyingine. Kiswahili ni lugha ya kazi ya jeshi, polisi na magereza ya Uganda, na katika kambi za askari magereza za Luzira wamekua watoto ambao kwao Kiswahili si somo la shule. Wazazi wao walitoka Arua, Gulu, Soroti, Kasese na Mbarara. Nyumbani huzungumzwa lugha moja, kwa jirani nyingine, na uwanjani Kiswahili kilichochanganyika na Kiganda na Kiingereza. Mtoto wa kambini akiugua, Kiswahili ndicho kilichozoea kusikia malalamiko yake.

Jambo hili lina upande wa pili usiofaa kufichwa. Kwa familia nyingi za Kampala, hasa za Baganda, Kiswahili kimebeba kumbukumbu ya vizuizi vya barabarani na amri za wenye bunduki. Kumpa mgonjwa wa namna hiyo tiba ya kutuliza mwili kwa Kiswahili ni kumtisha kwanza kabla ya kumtuliza. Huyo apewe Kiganda, tena bila mjadala. Hoja ya makala haya inawahusu wale ambao Kiswahili ndicho wanachokutania: watoto wa kambi kama za Luzira, wakimbizi wa Kongo walioko Nakivale na Kyangwali, na wagonjwa wanaovuka mipaka kuja Mulago, kwa kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda imeteuliwa kuwa kituo bora cha saratani cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanaweza kuwa wachache kwenye wodi moja, lakini kwa eneo zima si wachache.

Mguu unaouma na mtu anayeumwa

Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill alichapisha hojaji ya maumivu yenye maneno 78 yaliyogawanywa katika makundi 20. Wapo wanaodhani lugha zetu hazina utajiri wa namna hiyo kwa sababu kamusi hutoa neno maumivu na kuishia hapo. Utajiri upo, ila haumo katika nomino. Umo katika vitenzi. Tumbo linasokota, linakata, linanyonga. Kichwa kinagonga. Kidonda kinachonyota kikiguswa na chumvi, jipu linapwita, mguu unafukuta, unachoma, unavuta, unakufa ganzi, unatambaa kama una sisimizi. Daktari wa neva akisikia kuchoma, ganzi na sisimizi katika nyayo za kijana aliyetibiwa kwa vinkristini, amekwisha kupata nusu ya utambuzi wake. Programu inayomtaka kijana huyo achague namba kati ya 0 na 10 huitupa nusu hiyo. Hata kipimo cha mkono kinachotumika katika tiba shufaa, ambapo ngumi iliyofungwa ni kutokuwa na maumivu na vidole vitano vilivyonyooshwa ni maumivu makali kabisa, kina kasoro ambayo mtu wa hapa huiona mara moja: mtoto anayeumia hukunja ngumi.

Kuna jambo la sarufi lenye uzito zaidi. Katika sentensi "mguu unaniuma", kiima ni mguu na mgonjwa ni yambwa. Mguu unatenda, mtu anatendewa, na kitenzi chenyewe ndicho kile cha mbwa aumaye. Kiganda kina muundo uleule na mzizi uleule: "okugulu kunnuma". Kiingereza humfanya mgonjwa awe mwenye maumivu, kama awavyo mwenye nyumba au deni, na tiba iliyoandikwa kwa Kiingereza hujengwa juu ya umiliki huo: simamia maumivu yako, badilisha uhusiano wako na maumivu yako. Ukizihamisha sentensi hizo zilivyo, msomaji wa Kiswahili atazielewa lakini hatajiona ndani yake. Yeye hana uhusiano na maumivu. Ana mguu uliomgeuka.

Chukua sasa yule msichana aliyekatwa mguu. Maumivu ya kiungo kisichokuwepo ni ya kweli, na matabibu wanayafahamu vizuri. Lakini ili ayaseme kwa Kiswahili ni lazima aseme "mguu unaniuma", yaani akifanye kiima kitu ambacho kila aliyemo chumbani anaona hakipo. Wapo watakaomwona amechanganyikiwa, na wapo watakaofikiria uchawi. Somo la programu linaloeleza kwamba ubongo bado una ramani ya mguu ule lingemwokoa na mashaka hayo, mradi lianze kwa kuikubali sentensi yake: ndiyo, mguu unakuuma, hujakosea kusema. Maelezo ya neva na ubongo yafuate baadaye.

Tashbihi nayo ichaguliwe kwa makini. Programu za Ulaya na Marekani hupenda kuyafananisha maumivu ya muda mrefu na king'ora kinacholia bila moto. Kwa mtoto wa Luzira king'ora kina maana moja tu, nacho kikilia watu hukimbia. Afadhali mbwa wa jirani anayeendelea kubweka usiku kucha hali mwizi amekwisha kwenda zake. Kila mtu amewahi kulala karibu na mbwa huyo, na kila mtu anajua kwamba hutulizwa kwa sauti anayoizoea na hachochewi kwa mawe.

Maneno yanayojeruhi

Istilahi iliyozoeleka zaidi kwa hali hii ni "maumivu sugu", na mara nyingine "maumivu ya kudumu". Zote mbili zina hitilafu katika tiba. Kinachodumu hakiondoki, kijana anayefungua programu na kusoma kwamba ana maumivu ya kudumu ameshaambiwa hukumu kabla ya somo la kwanza. Sugu ni ngozi iliyokomaa isiyosikia, na katika matumizi ya kila siku neno hilo huambatana na mhalifu aliyeshindikana, jambo ambalo Luzira halihitaji kufafanuliwa. Mwandishi anaona "maumivu ya muda mrefu" yanatosha. Ni maneno ya kawaida, hayana fahari ya istilahi, na hayamfungi mtu.

Neno "manusura" limeenea katika vyombo vya habari kwa wale walioishi baada ya saratani. Katika eneo la Maziwa Makuu manusura ni mtu aliyebaki wengine walipouawa, na kijana wa Kikongo huenda akawa manusura kwa maana hiyo kabla ya kuwa manusura wa saratani. "Waliopona" nalo lina mtego wake. Kupona kwa Kiswahili ni kumaliza habari ya ugonjwa. Aliyeambiwa amepona kisha akaendelea kulalamika huulizwa analilia nini, na jibu la wakubwa ni lile la siku zote: vumilia. Kwa sababu hiyo makala haya yamesema "waliomaliza matibabu", maneno yanayoacha nafasi ya kuumwa bila kuonekana mwongo.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika neno ambalo mfasiri angelipita bila kulitazama mara mbili, nalo ni "mawazo". Tiba ya utambuzi na tabia humtaka mgonjwa achunguze mawazo yake na ayabadilishe. Lakini kuwa na mawazo, kwa Kiswahili, tayari ni kuwa na msongo. "Ana mawazo" husemwa kwa mtu aliyekonda kwa wasiwasi. Na kubadili mawazo ni kughairi. Kwa hiyo maagizo "badilisha mawazo yako" yanaweza kusikika kama kumwambia kijana aghairi jambo ambalo hajalipanga. Neno "fikra" lina madhara machache zaidi, na katika mazungumzo sentensi nzima ni bora kuliko neno moja: mguu unapochoma, unajiambia nini?

Nani anasema ndani ya simu

Mashine haina umri wala cheo, ila Kiswahili hakimruhusu msemaji kukosa vyote viwili. Anayemwambia kijana "Tulia!" ni mzazi, mwalimu au afande. Amri ya nafsi ya pili umoja, ambayo ndiyo lugha ya vitufe vyote vya simu, katika kambi ni lugha ya gwaride. "Jilegeze", tafsiri iliyo karibu zaidi ya maagizo ya kulegeza misuli, hugusa uzembe, na kwa msichana huweza kugusa jambo la aibu. Hali ya dhamiri katika wingi wa nafsi ya kwanza huondoa sehemu kubwa ya tatizo: tuvute pumzi, tuiache itoke polepole, mabega yashuke. Sauti iwe ya mtu mmoja anayetambulika, dada au kaka aliyemzidi msikilizaji miaka michache, anayejua kusema pole pale panapostahili na kunyamaza pale pasipostahili. Mwandishi angependelea programu ya sauti tupu kuliko yenye maandishi mazuri. Wengi wanaokisema Kiswahili cha Uganda hawajawahi kukisoma, na aliyefunga macho ili apumue hasomi.

Hapa ndipo mchezo wa Pain Squad unapohitaji kufikiriwa upya. Kwa mtoto wa Toronto polisi wa tamthilia ni burudani. Kwa mtoto wa askari magereza, cheo ni mshahara wa nyumbani na uhamisho unaokatiza masomo. Hakipatikani kwa kujaza fomu siku tatu mfululizo. Kwa mtoto aliyekimbia Ituri au Kivu, mwenye sare ndiye aliyesababisha safari. Watafsiri wanaweza kuihamisha kila sentensi ya mchezo huo kwa ufasaha kamili na bado wakawa wamemkabidhi mtoto kitu cha kumtisha. WebMAP na safari yake ina nafasi nzuri zaidi, ingawa nayo kwa mkimbizi ina lake la kusema.

Njia iliyokwisha kupitwa

Uganda haihitaji kubuni mbinu mpya. Katika wilaya za Masaka na Rakai, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton waliifanyia majaribio tiba ya vikundi kwa sonona katika vijiji 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza waliwauliza wenyeji wanaziitaje hali hizo, wakapata majina mawili ya Kiganda, moja lenye maana ya kujichukia na jingine la kujihurumia. Majina hayo ndiyo yaliyotumika kuwatambua wagonjwa, na vikundi vikaongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili tu. Sonona ilipungua kwa kiasi kikubwa kuliko katika vijiji vya kulinganisha. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda na akina bibi wa Harare walijenga huduma yao ya mabenchi juu ya neno la Kishona "kufungisisa", kufikiri kupita kiasi, ambalo ni ndugu wa karibu sana wa "mawazo" yetu. Katika visa vyote viwili orodha ya maneno ilikuwa hatua ya kwanza ya tiba.

Kwa maumivu ya vijana hawa hatua hiyo haijagharimiwa. Inahitaji watu wa isimu, wauguzi wa tiba shufaa, wanasaikolojia wa Butabika iliyo jirani na Luzira, na vijana wenyewe, wakae na kukusanya vitenzi vya maumivu kutoka Luzira, Nakivale na wodi za Mulago, kisha wavijaribu kwa sauti. Kamati ya istilahi isiyo na mgonjwa ndani yake italeta tena "maumivu sugu".

Yanayowahusu washauri wa sera

Uganda iliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mjadala uliofuata umekuwa wa madarasa na walimu. Afya haijaingia humo, ingawa wodini ndiko mtu asiyeelewa lugha hulipa gharama mara moja.

Shajara ya maumivu ni taarifa ya afya ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya taarifa hizo kukusanywa. Idhini hiyo nayo ni maandishi, na huletwa kwa Kiingereza cha mawakili. Iandikwe upya kwa lugha ambayo mama wa kambini anaweza kuisikiliza mara moja na kuuliza swali. Izingatiwe pia kwamba simu mara nyingi ni ya familia nzima, na msichana aliyeandika kwamba anaogopa saratani imerudi huenda hataki baba ayasome hayo.

Limebaki la gharama. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, lakini sheria imeisamehe data inayotumika kwa huduma za tiba na za elimu. Somo la kupumua linalosikilizwa na kijana saa sita za usiku miguu inapowaka ni huduma ya tiba kwa kipimo chochote cha haki. Ili lihesabiwe hivyo, Wizara ya Afya italazimika kuitambua programu yenyewe kuwa tiba, na mamlaka ya mapato na kampuni za simu kukubaliana jinsi ya kuitofautisha na mchezo wa kawaida. Kwa kuwa nyingi ya programu hizi zimevikwa vazi la mchezo ili zipendwe na vijana, maelezo ya Kiswahili yatakayoambatana na maombi hayo yaandikwe mapema, na yaandikwe na watu walioshiriki kuitengeneza sauti iliyomo ndani ya simu.